Mafuta ya Kwapa ya Shangazi

Mjomba wetu mkubwa, uliyetuzidi sote kwa umri na kwa subira. Mama zetu mlioketi upande wake wa kulia. Wakwe na mashemeji mliokubali kuitwa siku ya mapumziko. Kaka na dada zangu. Nanyi watoto wetu mliosimama mlangoni kwa kuwa viti havikutosha: nawasalimu kila mmoja kwa heshima ya mahali pake. Dada yangu nakusalimu mwisho. Shughuli hii ni yako, na mwenye shughuli hasalimiwi kwa haraka.

Nimewahi kusimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na mitatu, lakini leo sikusimama kama mwalimu mstaafu. Nimesimama kama mdogo mtu aliyekosea. Mkononi nina barua nane. Nne ziliandikwa na dada yangu huyu, ambaye watoto humwita Shangazi, na sisi wadogo zake tulimwita Mpelelezi tangu siku alipotupanga mstari, akatunusa vidole mmoja baada ya mwingine, akamtaja aliyelamba sukari. Nilikuwa mimi. Nne nyingine ziliandikwa na binti yangu, msusi, anayefanya kazi mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi. Shangazi yake humwita Vidole.

Wakwe zetu huenda hamjui desturi ya dada yangu. Simu anayo, ila kwa mambo ya maana haitaki. Asema simu haina harufu. Barua huifungua, akainusa kwanza, ndipo akaisoma. Na akijibu, huanza kwa kukuambia alichokinusa: umehama, umebadili sabuni, ulikuwa na homa ulipoandika. Kwa miaka yote hiyo hakukosea. Tafadhali likumbukeni hilo ninaposoma. Wenye barua wote wawili wameniruhusu.

*4 Februari*

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kuku wako hawajambo, na yule jirani yako fundi viatu bado anaimba vibaya. Mimi mzima. Saluni yetu imeongeza viti viwili, sasa tuko wasusi watano, na mwenye saluni amenunua feni inayopiga kelele kuliko wateja. Baba amenipigia kulalamikia goti. Mwambie atembee. Goti si kisingizio cha kusoma magazeti kutwa nzima.

Shangazi, nina rafiki. Ni msusi kama mimi. Unaijua kazi yetu: mteja ameketi, wewe umesimama, mikono juu saa nne mfululizo, na kwapa lako liko sawasawa na pua yake. Rafiki yangu alikuwa akitumia ile ya kupuliza ya dukani. Ikambabua ngozi hadi akawa anatembea kama bata, mabawa nje. Akaiacha. Wiki iliyopita mteja mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Samahani, naomba nisukwe na yule wa dirishani." Hakutoa sababu, na hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo rafiki yangu amepewa kazi ya kuosha vichwa "mpaka apumzike kidogo."

Huoga mara mbili kwa siku, Shangazi. Si mchafu.

Nakumbuka ulikuwa ukitengeneza mafuta ya kwapa kwenye lile bakuli la bluu. Naomba uniandikie namna yake. Ni kwa ajili ya huyo rafiki.

Wako,
Vidole

*21 Februari*

Vidole wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenukia mafuta ya nywele, kama kawaida yako. Mimi mzima, kuku wazima, fundi viatu naye anaendelea kuimba. Naona viatu ndivyo vinavyomvumilia kwa kuwa havina miguu ya kukimbilia. Juzi alinigongea mlango kwa fujo, eti moshi umejaa uani. Sufuria ya mchuzi ilishika chini kidogo. Nikamwambia ninafukuza mbu.

Sasa huyo rafiki yako. Mwambie jasho si aibu. Jasho ni mshahara wa mwili unaofanya kazi. Mwambie pia kwamba shangazi yake anampenda, hata kama hamjui.

Chukua vijiko vitatu vya mafuta ya nazi. Nta ya nyuki, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Viyeyushe kwenye bakuli lililokalishwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke bakuli juu ya moto wenyewe, mafuta si adui yako. Epua. Tia vijiko viwili vya unga wa wanga, na magadi laini ya kuokea nusu kijiko, nusu tu, kwa sababu magadi yakizidi yatababua kama hiyo ya dukani. Koroga mpaka yapoe. Ukiacha kukoroga yakiwa na joto, unga utazama chini, juu ubaki na mafuta matupu, na rafiki yako atadhani nimempa ya kukaangia. Mwishoni matone matano ya mafuta ya mchaichai.

Ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, angoje siku nzima. Asipake akitoka kunyoa. Na wiki ya kwanza atavumilia: mwili utalalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha utanyamaza.

Nakutumia kopo moja nililotengeneza kwa mkono wangu, ili uone unene wake.

Shangazi yako

*13 Machi*

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kopo limefika salama. Rafiki yangu ameshukuru sana. Unene wake ni mzuri sana.

Nina habari: nimehama! Chumba kina dirisha kubwa, na mwenye nyumba ni mama mpole anayeamini kwamba mimi ni mwembamba mno. Sikwambii nimehamia wapi. Nusa mwenyewe, Mpelelezi.

Ninalo swali dogo tu. Mafuta ya nazi uliyotumia, ni ya duka lile lile la zamani? Na chupa uliifungua lini? Rafiki yangu ndiye anayeuliza, ana udadisi.

Wako,
Vidole

*2 Aprili*

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa chumba. Naona umehamia karibu na maji, nasikia unyevu kwenye karatasi. Ujifunike vizuri.

Mafuta ni ya duka lile lile. Rafiki yako asiulize sana. Anayepewa punda hamkagui meno.

Baba yako alikuja Jumapili. Nilimpa chai ya maziwa, akanywa vikombe viwili, uso ameukunja kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani. Goti linamtesa kweli, maskini. Nimemwambia atembee kama ulivyoagiza.

Nakutumia kopo la pili, kubwa zaidi, kwa kuwa mmelipenda.

Shangazi yako

Hapa naomba ruhusa nisite kidogo. Ndugu zangu, halikuwa goti. Maziwa yalikuwa yamechacha. Nilikunywa vikombe viwili Jumapili hiyo, viwili Jumapili iliyotangulia, na kimoja na nusu ile ya kabla yake. Nilijiambia kwamba dada yangu amezeeka, na kwamba ni adabu kunyamaza. Naishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Aliyeona kilichokuwa kikitokea alikuwa mtu wa mbali, mwendo wa siku mbili.

*19 Aprili*

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za feni wala za wateja.

La kwanza: hakuna rafiki. Ni mimi. Nadhani ulijua tangu mstari wa kwanza.

La pili: chumba changu kiko juu ya kiwanda cha kukaanga kahawa. Wanakaanga kuanzia alfajiri. Shuka zangu ni kahawa, nywele zangu ni kahawa, nikipiga chafya natoa kahawa. Barua ya mwezi uliopita niliilaza dirishani siku mbili kabla ya kuituma, makusudi, ili ucheke ukiifungua. Mtu mwenye mafua angeijua. Wewe umeniambia maji.

La tatu: kopo la kwanza lilikuwa na harufu ya chupa iliyosahauliwa nyuma ya kabati mwaka mzima. Sikulipaka. Nilisema uongo kwamba limependwa, maana sikuweza kukwambia wewe, wewe wa watu wote, kwamba mafuta yako yananuka. La pili limefika jana. Nalo vilevile.

Na mchuzi ulioungua hadi jirani akauona moshi kabla yako.

Shangazi, ni tangu lini?

Wako,
Vidole

*6 Mei*

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Mvua imepungua.

Nimeelewa ulichoandika. Ninaomba jambo moja: usimwambie baba yako. Wakijua wataitana. Wataniondolea jiko kwanza, kwa upendo. Kisha wataona sina haja ya nyumba isiyo na jiko, wataniondolea nyumba, kwa upendo zaidi. Nitapewa chumba cha nyuma kwa mmoja wao na kiti cha kukalia. Nimewalea baadhi yao; nawajua.

Sina la kuongeza.

Shangazi yako

Baada ya barua hiyo dada yangu hakuandika kwa wiki kumi. Mwanangu naye hakuniambia neno. Alinipigia simu mara mbili, akaniuliza habari za goti.

*17 Juni*

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hujajibu, na sikuandika ili ujibu. Baba sijamwambia. Nimekuja kuzungumza tu, kama zamani, wewe unamenya viazi na mimi nimekaa juu ya ndoo.

Nimetengeneza mafuta mwenyewe. Mara ya kwanza niliona nusu kijiko cha magadi ni uchoyo wako, nikatia kijiko kizima. Siku tatu nimetembea kama bata tena. Mara ya pili niliacha kukoroga kwa sababu simu ililia, unga ukazama chini, kama ulivyosema. Wasusi wenzangu wakaniuliza kama nataka kukaanga kitu. Mara ya tatu, Shangazi! Yakaganda meupe, laini, yakiyeyuka kidoleni. Nikajaribu kiwikoni, nikangoja. Wiki ya kwanza nililia kidogo. Wiki ya pili mwenye saluni akapita nyuma yangu mara tatu, akijifanya anatafuta kitana. Mara ya nne akasema, "Wewe, rudi kwenye kiti chako, watu wanasubiri." Yule mteja aliyenikataa nimemsuka jana, saa tano nzima. Alisinzia, Shangazi. Kichwa chake kikaegemea papa hapa, ubavuni, chini ya kwapa. Nikasimama kama nguzo, nisimwamshe.

Nikuelezee yanavyonukia? Kwanza huja mchaichai, mkali, kama mtu anayeingia bila kubisha hodi. Ukingoja, anatulia. Nyuma yake iko nta, na nta ina harufu ya kabati lako la mashuka, lile la chini, tulipojificha. Mwisho kabisa nazi, mbali, kama jina la mtu lililo kwenye ncha ya ulimi.

Nimewaza hivi. Unene wa kopo lako sijaupata bado. Mkono wako unajua kitu ambacho wangu haujui. Pua yangu nayo inajua kitu. Kwa nini tusigawane? Wewe uwe mikono, mimi niwe pua. Kabla hujatumia chupa, nitumie tone kwenye kitambaa, nami nitakujibu.

Barua hii nimeiandikia ndani ya saluni, kwa hiyo ina harufu ya maji ya kuoshea vichwa, ya nywele zilizopitiwa na moto, na ya andazi la mwenzangu. Nakwambia ili ujue.

Wako,
Vidole

*14 Julai*

Vidole wangu,

Marahaba, marahaba, mara mia.

Ulinieleza harufu ya kabati langu nikakaa chini.

Ni tangu mafua yale ya mwaka jana. Yalipona, nikangoja pua irudi kama mtu anavyongoja mgeni aliyechelewa: leo, kesho, Ijumaa. Kila asubuhi nilifungua chupa ya karafuu nikanusa. Ilikuwa kama kunusa maji. Sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kunusa maziwa ya nyumba zote, samaki wa nyumba zote, na kaptula za baba yako alipoanza kuvuta sigara. Bila pua mimi ni nani? Ni mwanamke mrefu tu.

Sasa nakwambia jambo ambalo fundi viatu ameapa kutolisema, na najua kiapo chake hakidumu siku tatu. Jumanne nilikuwa nikikuyeyushia nta. Upepo ukapita dirishani ukazima moto, kitasa cha jiko kikabaki wazi. Mimi nakoroga, naimba. Naona mafuta hayayeyuki. Nikashika kiberiti.

Fundi viatu aliingia bila hodi, kiatu cha mtu mkononi. Akapiga kelele, "Mama, weka chini!"

Nikamwambia, "Weka nini chini, na wewe umekanyaga mkeka wangu?"

"Kiberiti! Weka kiberiti! Nyumba nzima ni gesi, husikii?"

Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa nimetoa njiti.

Akafunga kitasa, akafungua madirisha yote, akanishika mkono akaniketisha uani kama mtoto. Kisha akalia yeye, si mimi. Kile kiatu alikuwa bado amekikumbatia.

Nimefikiri siku nne. Nilikuwa nikilinda nyumba yangu dhidi ya ndugu zangu, na huku nilikaribia kuichoma mwenyewe, pamoja na fundi, pamoja na kuku. Mwandikie baba yako. Mpe barua zangu zote, hata ile ya uchoyo; zako nitampa mimi. Azisome mbele yao wote, mwenyewe nikiwa nimekaa pale, kusudi pasiwe na wa kunisimulia kwa mnong'ono jikoni. Ila mwambie sharti langu: gesi itoke, mimi nibaki.

Kwenye bahasha kuna kitambaa chenye tone la chupa mpya. Nijibu upesi, pua yangu.

Shangazi yako

Jibu la binti yangu lilikuja kwa simu, kwa sababu hakuweza kungoja posta: chupa ni nzima, imenukia vizuri. Na mafuta yametengenezwa.

Ndugu zangu, najua baadhi yenu mlikuja na maneno tayari. Nami nilikuja nayo kwa siku mbili za mwanzo: chumba cha nyuma nyumbani kwangu nilikwisha kukipaka rangi kichwani mwangu. Dada yangu ametutabiri vizuri. Lakini zingatieni barua hizi. Binti mmoja aliondolewa kwenye kiti chake cha kazi kwa sababu ya harufu ambayo hakuna aliyethubutu kumtajia. Mama mmoja alikaribia kukosa uhai kwa sababu ya harufu ambayo hakuna aliyemsaidia kuisikia. Katikati nilikaa mimi, nikinywa maziwa yaliyochacha kwa adabu. Adabu ya namna hiyo naomba tuizike leo, bila matanga.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na mjomba wetu mkubwa na kwa ridhaa ya mwenyewe, natangaza yaliyoamuliwa. Shangazi habanduki nyumbani kwake. Mtungi wa gesi umekwisha kutolewa asubuhi hii; jiko la umeme liko mezani, na bakuli la bluu liko juu yake. Kila siku, asubuhi, mmoja wetu atapita pale na kuwa pua yake: atanusa maziwa, mchuzi, mafuta, na chumba chenyewe, na atasema kweli, hata ikiwa chungu. Atakayekunywa kilichochacha ili asimuudhi, atakunywa kikombe kingine mbele ya wote. Jioni fundi viatu amejitolea, ingawa si damu yetu. Nadhani kuanzia ile Jumanne ni damu yetu. Naye Vidole ataendelea kupokea vitambaa kwa posta.

Kesho saa moja asubuhi pua ni yangu. Zimebaki siku sita za juma, na sitaki tuinuke hapa kabla kila nyumba haijachukua siku yake. Naomba wanaojitolea wainue mikono.

Mbona mnatazamana? Iinueni juu, msione haya. Makopo yako kwenye kikapu pale mlangoni, yametengenezwa jana kwa mkono wa dada yangu, na kila mtu atatoka na lake. Mjomba, kwa heshima zote, tuanze na wako.